Maji ya Kuona Chini

Ujumbe wa msiba ulinikuta dukani nikimpimia mteja kitambaa cha pazia. Niliusoma mara ya kwanza nikauelewa, nikausoma tena kwa sababu sikutaka kuuelewa: Mzee Omwenga wa Nyansiongo ametutoka, atazikwa Jumapili nyumbani kwake. Mteja, mama mmoja asiyeishiwa na maneno, akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamjibu kwamba nimekata kitambaa vibaya, na kweli nilikuwa nimekikata vibaya. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa uso wa marehemu, ilikuwa harufu ya klorini. Nimeolewa, nimezaa, nimezika wazazi wangu wote wawili, lakini mpaka leo nikisikia kifo kimetajwa pua yangu hunirudisha ukingoni mwa bwawa la kuogelea ambamo hakuna mtu aliyeogelea. Nilikaa mwaka mmoja tu katika nyumba ile ya Mzee nikisubiri kuitwa chuo. Ninasema mwaka mmoja, lakini sina hakika kama niliwahi kutoka.

Aliyenipeleka ni Babu Salimu, mjomba wa mama yangu. Alikuwa mtu wa Tanga aliyefika Kisii ujanani kutafuta kazi ya udereva, akaipata kwa Mzee Omwenga, na hata alipoiacha na kushuka mjini kufungua duka la vifaa vya ujenzi urafiki wao haukukatika. Klorini ya bwawa ilitoka dukani kwake. Mwaka huo mke wa Mzee alikuwa ameanza kuumwa miguu na alitaka msichana wa kukaa naye. Njiani Babu Salimu alinisimulia, bila kunitazama, jambo ambalo nyumbani kwetu lilisemwa kwa vipande tu. Mzee alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Obare, bado wa shule ya msingi. Mchana mmoja mtoto akaanguka bwawani. Wakati huo bwawa lilikuwa limeachwa likawa kijani, maji mazito kama mrenda. Babu Salimu alikuwa gereji akipangusa gari. Alisikia mtoto akiita, akakimbia, akakuta maji yametulia na hayaonyeshi kitu. Hakujua kuogelea, na hata angejua, asingejua aingilie wapi. Mzee alipokuja mbio kutoka zizini, Babu Salimu alimweleza alichosikia: "Alikuwa akikuita, Mzee. Baba, baba, mpaka sauti ikakatika." Kisha akaniambia kwamba mzazi aliyeitwa na mwanawe asifike hana pa kujificha duniani, na kwamba nimheshimu sana mzee yule. Mimi nilikuwa na miaka ya kucheka kila kitu, lakini hapo sikucheka.

Aisifuye mvua imemnyea, nami nitaisema baridi ya Nyansiongo, huko juu kwenye mashamba ya chai. Nyumba yenyewe ilijengwa na mzungu aliyekuwa na shamba huko kabla ya Uhuru, naye alikuwa ameipa vyumba vikubwa kupita kiasi, sakafu nyekundu ya kung'arishwa kwa magoti na dirisha la jikoni lililotazama bwawa moja kwa moja. Dirisha hilo lilikuwa na pazia la kahawia, zito kama blanketi, na halikufunguliwa hata jua likiwaka. Tulipika tumewasha taa mchana. Siku yangu ya kwanza nililivuta ili nione ninachokata, na mama mwenye nyumba akaja nyuma yangu akalirudisha bila neno, taratibu tu, jinsi mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Kila mtu alimwita Mama Obare. Wachuma chai, wauza maziwa, mchungaji wa kanisa lao, wote, habari ya asubuhi Mama Obare, shikamoo Mama Obare. Alikuwa amezaa mabinti pia, wamekwisha kuolewa, lakini jina linashika kwa mtoto wa kiume. Siku nzima watu walimtaja marehemu mbele ya mama yake bila kujua wanafanya nini, naye aliitikia kwa tabasamu. Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Pale lile kovu ndilo lililokuwa jina lake.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa wavu. Mzee alikuwa mrefu, aliyeinama kidogo mabegani, na Kiswahili chake kilikuwa cha shule na mnada wa ng'ombe. Alinitania kwamba changu ni cha redio. Alinifundisha kazi ya bwawa kwa maneno machache. Kwanza kuopoa majani ya mikaratusi, maana mti ule hauna msimu, unapukutika kama unalipwa. Kisha kusugua kuta kwa brashi kutoka juu kwenda chini, usiruke kona, kwa kuwa utelezi wa kijani huanzia konani. Kisha kuwasha pampu maji yapite kwenye chujio la mchanga, na mchanga ukishiba uchafu, kuyageuza maji yaende kinyume ili yausafishe. Mwisho kuchota maji kwenye kichupa, kutia matone ya dawa na kutazama rangi: yakiwa waridi klorini inatosha, yakipauka haitoshi. Nilimuuliza, kwa upumbavu wa umri wangu, maji yawe safi namna gani kama hakuna anayeogelea. Akanionyesha upande wenye kina kirefu, ambako mzungu alikuwa ameweka vigae vya buluu, kimoja kimevunjika pembe. "Hiyo kigae imevunjika, ukiiona kutoka hapa, maji ni sawa," alisema. "Mimi nataka maji ya kuona chini." Kila alfajiri, kabla ya chai, kabla ya ng'ombe, alisimama mahali pale pale akatazama chini kona kwa kona, akamaliza, akashusha pumzi. Wao walikuwa watu wa Sabato, na Jumamosi hawakugusa kazi, lakini hata Sabato alikwenda kutazama. Alisema ng'ombe hukamuliwa Sabato, na maji huangaliwa. Majani ya Jumamosi yakaniangukia mimi Mwislamu, na nadhani alifurahi kwamba nyumba ile imepata mtu wa dini nyingine.

Nakumbuka zaidi meza. Chinsaga, mboga ya majani ya Wagusii, iliyolazwa na maziwa mpaka uchungu ukalainika, matoke, maziwa ya mgando, na ugali ambao, jambo la ajabu, ulisongwa na Mzee. Mwanamume wa Kigusii wa umri wake, mwenye mashamba, anaingia jikoni kila jioni, anakunja mikono ya shati na kushika mwiko. Mama Obare alipika kila kitu kingine, na kwa mkono mtamu, lakini maji ya ugali yalipochemka alifuta mikono akatoka. Nilijitolea kusonga mimi. Mzee akakubali siku za kazi nyingi, ila hakuacha kabisa. Wanawake waliokuja kuomba kuni walikuwa wakichekea nje ya mlango. Niliwasikia wakisema Mama Obare amempikia mumewe dawa, kwamba yule bibi ana bahati, miguu inamuuma siku za ugali tu. Walisema kwa Kigusii, wakidhani msichana wa mjini hasikii, na kusema kweli nilikuwa nasikia nusu nusu. Kwetu tuliongea Kiswahili. Kigusii changu wakati ule kilikuwa cha sokoni, cha bei ya ndizi na matusi. Mama Obare aliwasikia vizuri zaidi yangu. Alikaa sebuleni amekunja kanga magotini, akisubiri sauti ya mwiko ikome ndipo arudi.

Sitasema niliona kitu. Nimeulizwa na wanangu, nao wangependa sana kuwa niliona. Ila pampu ilipozimwa mchana kulikuwa na kimya cha kupumua mara mbili, halafu mabomba yaliyo chini ya ardhi yalimeza hewa, glugu, na uso wa maji ukatikisika hali hapakuwa na upepo. Nilijua ni hewa. Mzee alikuwa amenieleza ni hewa. Hata hivyo kila mara nilijikuta nimegeuka kutazama upande wa vigae, na nikiinua macho namkuta Mzee naye ametazama huko huko, na ndani, nyuma ya pazia la kahawia, chochote kilichokuwa kikikatwa kimeacha kukatwa. Nyumba nzima ilinyamaza, watu watatu, ikisubiri mabomba yamalize kumeza. Kisha kisu kikaendelea ubaoni.

Msimu wa mvua ndefu mawe ya barafu yakanyesha. Yalipiga chai ikawa kama imeliwa na mbuzi, yakaangusha matawi na nguzo ya umeme, na pampu ikalala kwa siku nyingi. Maji ya bwawa yakaanza kufifia. Kigae kilichovunjika kikawa kivuli, kisha hakikuonekana, na asubuhi moja tukaamka bwawa ni la kijani. Sijapata kumwona mtu mzima akiogopa vile. Mzee alichukua mpini mrefu wa brashi akaanza kupapasa sakafu ya bwawa kutoka ukingoni, mstari kwa mstari kama anayelima, akifika mwisho anarudi. Nilimwambia hakuna kitu mle ndani, Mzee. Akanijibu kwamba anajua, na akaendelea. Alikataa chai. Mchana nikamwona Mama Obare mlangoni mwa jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona akisimama, akimtazama mumewe akipapasa, na uso wake ulikuwa na kitu nilichodhani ni hasira. Akaniambia kwa sauti ndogo nishuke mjini kwa Salimu nikalete dawa, yoyote, na nifanye haraka. Babu Salimu alinipa klorini na mfuko wa shabu, ile ile ambayo bibi yetu alikuwa akizungusha ndani ya mtungi ili tope litulie. Tuliikoroga ndani ya ndoo, tukaimwaga kuzunguka bwawa lote, tukaacha maji yasiguswe. Tope lilishuka lote likalala chini kama uji uliopoa, na umeme uliporudi tukalifyonza na kulitoa nje. Nilipokiona tena kile kigae nilianza kulia. Hakukuwa na kitu kingine pale chini, na sijui nilitarajia nini.

Baada ya hapo Mama Obare akaugua. Ilikuwa malaria, nayo ilimpiga kama mtu aliyekuwa akiisubiri. Mchana wa pili wa homa nilikuwa nimekaa kando ya kitanda nikimkanda kwa kitambaa cha maji, naye amefumba macho, na ghafla akaanza kuita: baba, baba. Hakuita kwa nguvu, aliita kama mtu aliyeachwa nyuma njiani. Kwetu mke humwita mumewe Baba Fulani, na kwangu mimi neno lilikuwa hilo tu. Nikatoka mbio na kitambaa mkononi mpaka bwawani, nikamkuta Mzee anasugua kuta.

"Mzee, njoo. Anakuita."

Brashi ikasimama. Akaniuliza amesema nini.

"Anakuita. Anasema baba, baba."

Hakukimbia. Aliilaza brashi ukingoni polepole, na nikaanza kuogopa bila kujua ninaogopa nini.

"Haniiti mimi," alisema. "Kwetu mimi ni tata. Baba ni mama. Anaita mamake, na mamake alikufa kitambo."

Nililijua neno hilo. Kila mtoto aliyekulia mjini Kisii analijua. Shuleni tuliwacheka wenzetu waliotoka vijijini wakiwaita mama zao baba. Lakini nilikuwa nimepewa kisa cha Obare kwa Kiswahili, na ndani ya Kiswahili baba ni baba, kwa hiyo miezi yote ile sikuwa nimeligusa. Sasa lilijigeuza lenyewe pale kwenye saruji yenye maji. Babu Salimu alikuwa mgeni Kisii siku ile, hajui hata salamu ya Kigusii. Alisikia sauti tu, akaielewa kwa lugha yake. Nikasema, "Mzee, basi Obare..."

"Obare hakuniita baba hata siku moja," alisema. "Tata asubuhi, tata jioni. Hiyo siku Salimu ananiambia nimeitwa, watu wamejaa hapa, na mamake amesimama kwa mlango ya jikoni na mwiko mkononi. Nikamwangalia. Akaniangalia. Nikasema ndio, ni mimi niliitwa."

Alichukua brashi yake. Alikuwa ameshaanza kusugua aliponiambia lililobaki, kwa hiyo nililisikia katikati ya sauti ya brashi.

"Nikaitika. Sasa usitoe hiyo neno mahali iko. Nikiwa hai, wacha ikae kwangu."

Nikarudi ndani kumkanda mgonjwa. Sikuwa na umri wa kubeba jambo la namna hiyo, lakini hakuna anayekuuliza umri. Jioni Mzee aliingia jikoni akakunja mikono ya shati, maji yakachemka, na niliposikia mwiko ukigonga sufuria nilielewa kwa nini mke wake hutoka. Ugali hauachwi katikati, ukiuacha unashika madonge. Kila mwanamke aliyewahi kusonga ugali amewahi kumjibu mtoto, ngoja. Homa ilipomwachia, niliwatazama wale wawili wakila kutoka sinia moja, wakisogezeana kitoweo, na nikatamani kupiga kelele. Nilidhani Mama Obare hajui kwamba mumewe anajua. Nilidhani wanadanganyana. Nilikuwa mdogo, na mtu mdogo akikuta upendo wa aina asiyoizoea huuita uongo. Mwaka ulipoisha nikaitwa chuo, Mzee akanipa kuku wawili na Mama Obare akanipa kanga aliyokuwa akiikunja magotini, nikaondoka. Nililinda neno lile hata kwa mume wangu.

Jumapili ya mazishi nilifika mapema. Waombolezaji walikuwa wanaanza kupanga viti nyuma ya nyumba, kaburi limechimbwa kando ya kaburi dogo la Obare, na Babu Salimu, ambaye sasa anatembelea mkongojo na kuongozwa mkono, alikuwa amewekwa mstari wa mbele na wageni wa mjini, kofia yake ya kiua imekaa sawa. Nilipitia jikoni. Pazia la kahawia halikuwepo. Mwanga uliingia mpaka kwenye masufuria, na dirishani nikaliona bwawa limejaa, safi, na hata kutoka pale niliona buluu ya vigae. Nikamuuliza Mama Obare nani anayelitunza, maana Mzee alilala kitandani karibu mwaka mzima kabla ya kufa. Akanionyesha viganja vyake, vimekauka na kupasuka kwa klorini. Kisha akaniuliza kama Mzee aliniambia. Nikasema ndiyo, aliniambia.

"Mimi hakuniambia," alisema. "Alijua, na nilijua anajua. Tulikaa na hiyo neno kama mgeni mwenye hakuna mtu anamuuliza anaenda lini." Akanishika mkono kwa viganja vile vya kukwaruza. "Leo nitaongea Kigusii. Wewe utafasiri. Hiyo neno ilipotea kwa Kiswahili, kwa mdomo ya watu wenu. Muirudishe na Kiswahili."

Kwa hiyo nilisimama kando yake mbele ya watu, kwa Kigusii nilichokiongeza miaka yote hiyo, kama wanavyofanya kanisani huko, yeye sentensi moja na mimi moja. Alisema mumewe alikuwa mtu wa kazi. Nikafasiri. Alisema mumewe alisonga ugali wa nyumba ile miaka yote na majirani wakacheka, na wanawake wazee katika viti vya nyuma wakainamisha vichwa. Alisema mumewe alisafisha maji ili mtu yeyote akianguka tena aonekane. Kisha akasema kwamba siku ile mtoto aliita, na akalitamka neno lenyewe, mara mbili, kwa sauti ya mtoto: "Baba, baba."

Waliojua Kigusii walinyamaza kabla yangu. Uwanja mzima ulikatika sehemu mbili, waliokwisha kusikia na waliokuwa wakinisubiri. Babu Salimu alinitazama akiwa tayari kutikisa kichwa, kwa kuwa sehemu hiyo aliijua, yeye ndiye aliyeisikia. Ningeweza kuliacha neno kama lilivyo. Lisingekuwa uongo, lingepita kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kubadilika herufi, kama lilivyopita mara ya kwanza, na mzee wa watu angerudi nyumbani na alichokuja nacho. Mama Obare hakunihimiza, alisubiri tu, na kiganja chake kilikuwa bado kimenishika.

"Akaita," nikasema, "mama, mama."

Yeye akaendelea, nami nikamfuata kwa maneno yake mwenyewe: Alikuwa akiniita mimi. Nilikuwa nasonga ugali. Nikamwambia ngoja. Mume wangu akasimama mbele ya watu akasema ni yeye aliyeitwa, na akakaa hapo mpaka Mungu alipomwondoa, na sasa hayupo wa kukaa hapo. Babu Salimu alivua kofia akaiweka magotini. Midomo yake ilikuwa ikitembea, na hata bila kusikia nilijua anarudia neno lile, analigeuza huku na huku. Mama Obare akaniachia mkono. Akayapa kisogo makaburi yote mawili, akatazama bwawani, ambako maji yalionyesha sakafu yote mpaka kwenye kigae kilichovunjika, na kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mama aliye jikoni, akaitika.

"Ee," alisema.

Hilo sikulifasiri.